Chumba Chako Kimepata Wageni

Nyumbani kwa Mama,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu, Profesa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimepona na baridi ya huko imekuacha upumue kidogo. Sisi hatujambo. Mama hajambo, ila goti lake la kushoto linamsumbua akiinuka, naye anakataa katakata kwamba ni uzee. Anasema ni goti lenye kiburi. Shemeji yako hajambo, wanangu hawajambo, hata yule paka uliyemwacha akiwa mgeni sasa ndiye mwenye nyumba.

Je, unakula? Usinijibu kwamba unakula kazini, nakujua. Mtu anayewalisha wazee kutwa nzima anaweza kulala na njaa asijue. Na zile soksi za sufu alizokufumia Mama, unazivaa au umezitunza kabatini kama picha ya harusi?

Najua utashangaa kupata barua ya kalamu na hali simu ipo, tena juzi tu tumezungumza. Mama ndiye aliyetaka hivyo. Anasema kuna jambo ambalo simu haiwezi kulibeba. Basi nimekaa mezani kwake, yeye yuko uani anaanua nguo, na kila akipita dirishani ananiuliza nimefika wapi.

Swali lako tumelipata. Umeuliza urudi au ubaki, kwa kuwa hiyo sheria yao mpya imewaweka njia panda ninyi wote mnaoishi huko kwa vibali vya mwaka mmoja mmoja. Anayeondoka kwa hiari yake kabla ya mwaka kwisha ataruhusiwa kuomba tena akiwa nje. Anayebaki kungoja uamuzi, akikataliwa, basi tena, amefungiwa mlango miaka mingi. Uliniomba nimuulize Mama taratibu, nisimtie hofu. Ndugu yangu, nilimkuta ameshasikia yote redioni. Alijua hata mambo ambayo wewe hukuniambia.

Jibu lake liko humu humu, lakini usirukie mwisho kama ulivyozoea kufanya na vitabu vya hadithi tangu utotoni, tulipokubandika huo uprofesa. Lazima kwanza nikueleze yaliyotokea hapa, maana bila hayo jibu lake hutalielewa.

Kliniki yetu ya mama na mtoto imefungwa. Kwenye simu nilikuwa nakwambia tu kwamba kazi zimepungua, sikutaka kukuongezea mzigo. Wafadhili wamejitoa. Serikali ya huko uliko imeamua hela zao zikae kwao, na katika hotuba ile ile ikaamua watu wetu nao wakae kwetu. Msimamizi wa mradi alikuja asubuhi moja na gari, akatukusanya kwenye benchi la wajawazito, akatushukuru kwa maneno mazuri mno. Ukiona mtu anakushukuru vizuri namna ile, ujue yako yamekwisha. Jengo lilikuwa la kupanga. Mwenyewe alilichukua, na sasa anauza mabati na rangi pale pale tulipokuwa tunawapima watoto uzito.

Mbele ya watu sikulia. Nililia nilipofika nyumbani, nikiwa naosha vyombo, na shemeji yako akajifanya anatafuta kitu uani mpaka nilipomaliza. Kwa hilo nitampenda maisha yangu yote.

Sasa ngoja nikuchekeshe kidogo. Unazikumbuka zile stika za mradi, zenye bendera ya nchi ya huko? Zilibandikwa kila mahali: kwenye jokofu la chanjo, kwenye mizani, kwenye tangi la maji, hata ndoo ya kupigia deki ilikuwa na bendera yake. Watu wa mtaa wetu walipoiona, wakapiga hesabu zao. Profesa yuko huko, na vitu vimetoka huko, basi Profesa ndiye kavileta. Wala usifikiri ni watoto waliosema hivyo. Fundi viatu wa pale kona, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuja kumshukuru Mama kwa ajili ya tangi la maji, kofia mkononi.

Nawe unamjua Mama. Hakusema uongo, ila hakumsahihisha mtu. Alikuwa akijibu tu, "Tumshukuru Mungu," huku anajitengeneza mtandio begani. Baada ya muda jina lake likabadilika mtaa mzima, akawa Mama Profesa. Mimi kifungua mimba, niliyempa huo umama kabla wewe hujafikiriwa, nikapinduliwa bila hata kupigiwa kura. Niliona ni mzaha usio na madhara, na kusema kweli nilikuwa naufaidi, kwa sababu dukani akina mama walikuwa wananipisha mbele.

Kliniki ilipofungwa, hesabu ile ile ikageuka. Fundi viatu akaja tena, safari hii kofia iko kichwani. Alitaka kujua umegombana na nani huko.

"Mama Profesa, huyo kijana wetu aombe radhi tu yaishe," alisema. "Mkono usioweza kuukata, ubusu. Mimi wajukuu zangu wanangoja chanjo."

Nilikuwa tayari kumtoa nje. Mama akanizuia kwa jicho lile unalolijua. Alimpa kiti, akampa chai, akamweleza kwa upole kwamba kazi yako ni kuwaogesha wazee na kuwasukuma kwenye viti vya magurudumu, na kwamba hao wenye hela hujawahi kuwaona hata kwa mbali. Fundi alisikiliza vizuri, akamaliza chai, akasema ameelewa kabisa. Alipofika mlangoni akageuka, akasema hata hivyo radhi uombe.

Mimi nilicheka wiki nzima. Mama hakucheka. Alikuwa anafagia mahali alipokwisha kufagia, na nikimuuliza ananiambia nimwache. Wakati huo akina mama walikuwa wameanza kunifuata nyumbani na watoto mgongoni, maana wanajua ninapoishi, na mimi nikawa nawapima kibarazani kwa kukadiria tu, kama mtu anayenunua kuku.

Asubuhi moja nilifika kwa Mama nikakuta kitanda chako kiko nje uani. Na godoro. Na lile sanduku lako la vitabu. Nilidhani Mama anafanya usafi, kumbe yuko ndani ya chumba chako na ndoo ya chokaa, anapaka ukuta yeye mwenyewe, na hilo goti lake. Nikamuuliza kulikoni.

"Nimeshukuriwa miaka yote hii kwa kitu ambacho si changu," aliniambia, hata hakugeuka. "Sasa acha nitoe kilicho changu."

Basi, mdogo wangu, chumba chako kimepata wageni. Kliniki iko kwako. Mizani tumeitundika kwenye ndoano uliyokuwa ukitundikia begi la shule. Kwenye meza yako ya kusomea ndipo ninapopimia presha. Ile michoro ya sayari uliyoichora ukutani ukapigwa kwa ajili yake, Mama aliizunguka kwa brashi, hakuifuta, na watoto wanaikodolea macho wakati nawachoma sindano. Kila Jumanne hospitali kuu inatupa chanjo kwenye sanduku la baridi, nasi tunalirudisha jioni. Foleni inaanzia dirishani kwako mpaka kwenye lango la kiwanda cha mikate. Fundi viatu huja na wajukuu zake na kukaa mbele kabisa, kama aliyealikwa.

Tunafanya kazi mimi na Redio. Wamkumbuka Redio, mfagiaji wetu, yule asiyeweza kutunza siri hata iwe yake mwenyewe? Hakuna anayemlipa, na kila siku anafika kabla yangu. Nilipomwambia apumzike hata siku moja, alisema akikaa nyumbani atakosa habari.

Halafu kulikuwa na mambo ya bajeti. Baraza la mji lilitangaza kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi, nikaenda na Redio. Tulikaa nyuma, kwenye viti vya plastiki, kwa sababu vile vya kitambaa vilikuwa vya wageni waalikwa. Mwenyekiti akawa anasoma kifungu baada ya kifungu, nami nangoja cha kwetu. Kilipofika, akasoma kwamba huduma za mama na mtoto mtaani kwetu "zinagharamiwa na wafadhili", akafunua ukurasa. Profesa, wafadhili wameshaondoka, jengo lao linauza mabati, na bajeti yetu bado imewaegemea! Kifungu kilichofuata kilikuwa lango jipya la ofisi za baraza, pamoja na bustani yenye maji ya kuruka juu.

Nikasimama. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri, nikayasahau yote, nikabaki nasema, "Wameondoka, mheshimiwa, wameondoka," kama mtu aliyekimbiwa na mume. Redio akaona ninazama, akasimama ubavuni kwangu.

"Lango ni zuri, mheshimiwa, hatukatai," alisema. "Ila mtenge na hela za watoto watakaolipita."

Watu walicheka. Mwenyekiti aliahidi kulifanyia kazi, nasi tukarudi nyumbani tukijua maana ya maneno hayo. Lakini safari hii kidogo walifanya kweli. Muuguzi mmoja atalipwa na baraza, nao wataleta jokofu dogo. Maji ya kuruka yameahirishwa. Lango linaendelea kujengwa, nalipita kila nikienda sokoni, na lazima nikiri kwamba ni zuri.

Nitakwambia ninavyoona, maana tangu uondoke sina wa kubishana naye. Walioondoka sina kinyongo nao kikubwa. Cha mtu ni cha mtu, akikupa mshukuru, akikunyima huna pa kumshtakia. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, tuliimbishwa hivyo tangu tukiwa na meno ya utoto. Hasira yangu ni kwetu sisi. Tuliwaachia wageni watoto wetu, wenyewe tukashughulika na malango.

Na kuhusu hao wanaotaka uondoke, mwenye nyumba ana haki ya kujua nani analala kwake. Hilo sibishi, hata mimi nisingekubali nyumba yangu iingiwe kama stendi. Lakini mtu aliyemwogesha baba yako, akamlisha, akamfunika shuka, humgeuzii uso siku moja ukamwita mgeni. Hilo linaniuma kwa sababu ni wewe. Lingekuwa la mtu mwingine labda ningelisikia redioni nikaendelea kupika.

Nilimsimulia Mama habari za yule mzee wako wa chumba cha mwisho, aliyeipigia kura sheria ile kisha akakuuliza nani atamnyoa ukiondoka. Alicheka mpaka akafuta machozi. Baadaye akasema usimchukie, anaogopa watu asiowaona, na wewe anakuona kila siku. Anakuomba uendelee kumnyoa vizuri, hasa hapo chini ya kidevu ambapo wanaume wote huacha.

Basi sasa nifike kwenye swali lako.

Ulipouliza, Mama hakunijibu. Siku zikapita. Nikadhani ameamua kuliacha kwa Mungu, kumbe alikuwa anamngoja Fundi Polepole, yule mjenzi, amalize kazi ya watu. Naye, kama jina lake, alikuja alipotaka. Nikiwa hospitali kuu kurudisha sanduku la chanjo, wakaanza kuvunja. Nilirudi nikakuta tundu kubwa kwenye ukuta wa nyuma wa chumba chako, vumbi mpaka kwenye chai, na Mama ameketi juu ya sanduku la vitabu vyako anamsimamia Fundi kama mkandarasi.

Nilikasirika. Nilidhani anaipanua kliniki bila kunishirikisha, na kesho yake nilikuwa na foleni. Nilisema maneno mengi. Mama aliniacha mpaka nikamaliza, akamwambia Fundi aendelee.

Walijenga ukuta mwembamba katikati ya chumba. Upande wenye dirisha la barabarani umebaki kuwa wa kliniki. Upande wa nyuma una mlango wake wa kutokea uani, mlango mpya wa mbao, Mama aliuchagua mwenyewe. Kitanda chako kimerudi ndani. Sanduku la vitabu liko chini ya kitanda, pale lilipokuwa. Chumba ni kidogo sasa, ukijinyoosha utagusa ukuta kwa vidole vya miguu, na wakati wa kliniki utasikia watoto wakilia upande wa pili. Lakini ni chako, na hakuna mgeni atakayekiingia.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo anarudi?"

"Sijasema anarudi," akajibu, akaenda kuwasha jiko.

Mimi maoni yangu nitakupa waziwazi, kisha uyaweke kando. Nataka urudi. Nimechoka kukuona kwenye kioo cha simu, uso nusu na sauti inakatika. Nataka mtu wa kunibishia habari za redio mpaka chakula kiungue. Lakini najua pia kwamba kazi ile unaipenda, na kwamba unaona haya kurudi mikono mitupu, ingawa hukulisema. Na kazi hapa siwezi kukuahidi. Kwa hiyo usirudi kwa ajili yangu, wala kwa ajili ya kliniki. Ukirudi kwa ajili ya mtu utamdai maisha yako yote.

Jibu la Mama ni hili. Nimeliandika akiwa amesimama nyuma yangu na kapu la nguo, nisije nikaongeza chumvi.

"Mwambie simwiti wala simfukuzi. Mambo ya huko anayaona yeye. Lakini siku atakayokwenda mbele ya hao watu wa vibali, awe na ufunguo wa kwao mfukoni. Asisimame pale kama mtu asiye na kwao. Wakimkubalia, ashukuru, arudi kazini kwa wazee wake. Wakimkatalia, awaage vizuri, achukue begi lake. Asimpigie mtu magoti."

Ufunguo ndio huo, nimeushona ndani ya kitambaa usije ukatoboa bahasha. Ziko funguo mbili tu. Wa pili anao yeye, kaufunga kwenye ncha ya mtandio, na akitembea unaugonga mkono wake. Sasa nimejua kwa nini alisema simu haiwezi kulibeba jambo hili. Nililia tena, lakini si kama mara ile ya kwanza.

Shemeji yako anakusalimu sana, anasema ukija usimletee shati, anajua utakosea shingo. Mjomba anakusalimu na anauliza kama ni kweli huko watu hulipia hata kuegesha baiskeli. Kitinda mimba wangu anakusalimu, ndiye anayelala na paka wako siku hizi. Redio anakusalimu, na kwa kuwa amekusalimu yeye, jihesabu umesalimiwa na mtaa mzima. Fundi viatu naye anakusalimu. Anasema kama bado hujaomba radhi, hujachelewa.

Mungu akulinde katika kutoka na kuingia kwako, akupe usingizi mzuri na watu wema mbele yako, huko na popote utakapokuwa.

Ni mimi dada yako akupendaye daima,

Kifungua mimba aliyepinduliwa.

Nimesahau: Fundi Polepole hakuupiga randa mlango sawasawa, na kitasa ni kipya, kinakaza. Ukifika, uvute mlango kwako kidogo kwanza, ndipo uzungushe ufunguo. Na usipige hodi.